Ndizi Zilizonukia Mtungini

Si kila kinukacho ndizi kimetoka mgombani. Mmelisikia neno hilo leo mashineni, yule mama alipomkamata mwenzake kanga eti kamwibia unga kwa kuwa mabega yake yalikuwa meupe. Mashineni nani hatoki mweupe? Mwenye mashine akaitamka methali, watu wakacheka, na yule mama akaiachia kanga ya watu. Nanyi mmerudi mnaniuliza, ndizi na unga vimekutana wapi? Haya, endeleeni kumenya hivyo viazi huku mkisikiliza. Methali hii ilizaliwa namna hii.

Katika kijiji cha Itundulu, juu milimani kwenye baridi ya kukatisha ulimi, aliolewa mwanamke aitwaye Eselina. Alikuwa mgeni. Alikulia misheni ya mbali, akifanya kazi jikoni kwa mtawa mmoja wa Kijerumani aliyeitwa Bruda Alois, mtu wa maneno machache na mapipa mengi. Bruda huyo alimfundisha kupika pombe ya ngano ya kwao. Unailoweka ngano mpaka iote, unaianika, unaisaga kimea. Unakitia kimea kwenye maji ya moto yasiyochemka, unachuja, unachemsha, kisha ukishapoza unatia hamira na kuiacha ifanye kazi yake. Eselina alipoondoka, Bruda alimpa zawadi ya maua makavu machungu ya kutia pombeni, pamoja na chupa ya hamira. Hamira hiyo ilikuwa haiishi. Kila pombe ikiiva unachota kidogo cha chini, unakihifadhi, nacho kinakuwa mbegu ya pombe ijayo.

Mwaka ule wa kwanza ngano ya Eselina ilikubali kuliko za wote. Mume wake alikuwa ameenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, naye peke yake asingeweza kuivuna. Lakini Itundulu walikuwa na mgowe, ile kazi ya pamoja. Mwenye shamba anapika pombe, majirani wanakuja na mundu zao, jioni shamba ni jeupe na mtungi ni mtupu. Bila pombe hakuna mgowe. Na mwaka ule mawingu yalishaanza kukaa juu ya kilima mapema. Ngano iliyoiva ikinyeshewa hulala chini, ikaota ikiwa bado kwenye suke. Na Eselina alijua kuwa ngano iliyoota nyumbani ni pombe, ila iliyoota shambani ni njaa.

Basi akapika.

Sasa, jirani yake alikuwa mama mmoja aitwaye Damalina. Si mtu mbaya, ila ulimi wake ulikuwa unatoka nyumbani kabla yake. Damalina alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine Itundulu aliyekuwa nacho: mgomba. Kwa baridi ile migomba haikai, lakini huo mmoja ulijibanza nyuma ya ukuta wa jiko, ukapata joto, ukazaa mkungu. Watu walikuwa wakipita kuutazama kama mtoto mchanga. Na katika juma lile Eselina alipopika pombe yake, Damalina aliamka asubuhi akakuta mkungu umekatwa. Alipiga kelele mpaka mbwa wakakimbia. Akatafuta kila nyumba kwa macho, asiuone.

Siku moja kabla ya mavuno, wanawake wa mgowe walikuja kwa Eselina kuonja, kama desturi.

"Kamwene, mgeni wetu! Tumesikia una pombe ya Wazungu."

"Kamwene, karibuni. Ni ya ngano yetu hii hii."

Akakiondoa kitambaa mtungini. Povu jeupe lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na harufu ikatoka ikaenea nyumba nzima, tamu, nzito. Damalina, aliyekuwa wa mbele, akarudi nyuma hatua moja.

"Wenzangu," akasema, "mnasikia ninachosikia?"

"Ndizi," akajibu mmoja.

"Tena mbivu," akasema mwingine.

"Mkungu wangu huu!" Damalina akajipiga kifua. "Mkungu wangu umo mtungini!"

"Dada Damalina, humu hamna ndizi. Ni ngano tupu."

"Ngano? Nimekula ngano tangu sina meno. Chapati zako wewe zinanuka ndizi?"

Wanawake wakacheka. Eselina akasikia uso unawaka.

"Ni hamira, dada. Ikishaila ngano inatoa harufu hiyo. Bruda aliniambia..."

"Bruda! Basi kamwite Bruda aje akuvunie."

Na Bruda alisharudi kwao Ulaya, hata jina la mji wake Eselina hakulijua.

Mzee Luvanda, msimamizi wa mgowe, akaitwa. Alionja kidogo, akanusa, akatikisa kichwa. Pombe aliipenda, ilionekana usoni, lakini akaiweka kata chini. "Mwanangu," akasema, "mgowe haunywi pombe yenye lawama. Neno hili lisipokwisha, hakuna atakayeshika mundu shambani kwako."

Eselina akatazama nje. Ngano yake ilikuwa imeinamisha vichwa. Juu yake, wingu.

"Mzee," akasema, "nipeni nafasi nipike tena. Nipike jikoni kwake Dada Damalina. Mtungi wake, maji yake, kuni zake. Kimea changu kilichobaki mkipekue punje kwa punje."

Damalina akadakia upesi, maana aliona mtego umejitega wenyewe. "Na ukishapika unatoka! Mlango kufuli langu, ufunguo shingoni mwangu."

"Sawa. Naomba kitu kimoja tu. Moto jikoni usizime. Hamira hii kwenye joto hunuka ndizi, kwenye baridi hunuka karafuu."

"Sikilizeni hayo! Kesho itanuka samaki."

Basi akapika, wanawake wamemzunguka kama kuku wanaomwangalia mwenye mahindi. Walimkung'uta kanga. Walipekua kimea. Damalina alichovya kidole kwenye chupa ya hamira akalamba, akakunja uso: "Tope lililochacha." Mtungi ukafunikwa, kufuli likalia, Eselina akarudi kwake kungoja.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kupika. Asubuhi alienda shambani kufukuza ndege, na kutoka pale aliweza kuliona paa la jiko la Damalina. Halikuwa na moshi. Jioni, hamna moshi. Siku iliyofuata vilevile. Damalina alikuwa amehamisha mafiga uani, anapikia nje, asije akaambiwa ameuchezea mtungi. Eselina akaelewa. Kule ndani, kwenye giza na baridi, hamira inasinzia. Watafungua mtungi, watanusa karafuu, watasema: mnaona, safari hii hakupata mkungu wa kuiba. Aliketi pembezoni mwa shamba akiwa na suke moja mkononi, akilipukuta bila kujua.

Lakini jioni ile moshi ukatoka.

Mama mkwe wa Damalina, Bibi Twilumba, alikuwa amerudi. Tangu asubuhi ile ya mkungu hakuwepo. Aliondoka alfajiri kwenda kumwona binti yake mlima wa pili, hivyo habari zote hizi hakuzijua. Alifika mifupa inamgonga, akakuta jiko lina kufuli. "Nimetembea kutwa nzima, nawe unanifungia moto?" Hakungoja maelezo. Ufunguo ukatoka shingoni, moto ukakokwa mkubwa, bibi akalala palepale kando ya moto, mtungi nyuma yake.

Mchana wa kesho yake Eselina, Mzee Luvanda na wale wanawake wakaenda kuufungua mtungi. Hata uani hawajafika, wakasikia kelele.

"Mkwe mlafi wewe!"

"Mama, ndizi gani? Mimi sijui ndizi!"

"Hujui? Jiko zima linanuka ndizi mbivu, nawe hujui? Umezila zote, hata moja hukunibakizia!"

Bibi Twilumba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Damalina alikuwa ndani, mikono juu ya kichwa.

"Haki ya Mungu, mama, sijala!"

"Kinywa kinaapa, jiko linashuhudia. Umezifukua!"

Damalina akashusha mikono polepole. "Nimezifukua wapi, mama?"

"Kihengeni, wapi tena? Nilikozivundika kwenye pumba siku ile naondoka! Kila mara mgomba ule ukizaa mnaukata mkungu mbichi, mnapika na maharage. Nikasema safari hii, kabla sijafa, nile ndizi iliyoiva ya mgomba niliopanda mwenyewe."

Mzee Luvanda akaenda kwenye kihenge, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa. Akautoa mkungu mzima, pumba zikidondoka, kijani kibichi kama siku ulipokatwa.

Bibi Twilumba akautazama mkungu. Akageuka akanusa kuelekea jikoni. Akautazama tena mkungu.

"Kama ndizi zangu ni hizi," akasema, "humo ndani kunanuka nini?"

Watu wote wakamtazama Damalina. Eselina peke yake alitazama chini. Hakutaka kuonekana anatabasamu.

Damalina akaondoa kitambaa mtungini. Povu likapanda, harufu ikawafikia hadi uani. "Ngano, mama," akasema, sauti imempungua. "Ngano tupu. Nimeilinda mwenyewe."

"Tangu lini ngano ikanuka ndizi?"

"Mama, wewe umeniita mwizi kwa harufu hii, na mimi nilimwita mwenzangu mwizi kwa harufu hii hii." Akamgeukia Eselina. "Si kila kinukacho ndizi kimetoka mgombani. Mdogo wangu, nisamehe. Mundu wangu ule pale ukutani. Nikaanzie upande gani wa shamba?"

"Wa bondeni, dada," akasema Eselina. "Huko ndiko imelala kidogo."

Siku hiyohiyo walivuna, wakamaliza kesho yake, na mtungi wa Damalina ukanywewa na mgowe wote. Bibi Twilumba alikunywa kata mbili, akasema kumbe Wazungu nao wana bibi zao wa kuwafundisha kupika. Mvua ilinyesha juma lililofuata, ikakuta mabua.

Baada ya muda ndizi nazo zikaiva. Bibi akala zake, akashiba, na Damalina akachukua kichane akampelekea Eselina. Eselina akakipokea kwa mikono miwili, akakisogeza puani, akakunja uso.

"Dada Damalina!"

"Nini tena?"

"Mbona hizi zinanuka pombe? Hukuchota mtungini kwangu kweli?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Na tangu siku hiyo, huku milimani, mtu akimnyooshea mwenzake kidole kwa harufu tu, au kwa unga wa mabegani, anaambiwa: si kila kinukacho ndizi kimetoka mgombani.