Jina la Mwantumu Nyuma ya Pikapu

"Stika hubanduka, rangi husema." Mmeyaokota maneno hayo kwenye mazungumzo ya wakubwa, na sasa mmenijazia sebule mnataka kujua yalitoka wapi. Haya, kaeni vizuri. Na wewe Mhina, weka huo muwa chini, mimi sisimulii huku mtu anatafuna. Maneno haya yalizaliwa kwetu, nikiona kwa macho yangu, na chanzo chake kilikuwa hiki.

Mdogo wangu Shemkai alikuwa na pikapu nyekundu ya kubebea kabichi kutoka mashambani hadi sokoni Soni. Alipoinunua tu, aliipeleka kwa fundi ikabandikwa nyuma stika za herufi nyeupe, kubwa kama viganja: MWANTUMU. Ndilo jina la mkewe. Sasa mnawajua watu wa sokoni. Gari likishakuwa na jina, dereva naye anaitwa hilo hilo. Akikata kona tu, wachuuzi wanapaza sauti, "Mwantumu huyoo! Mwantumu kafika!" Naye anacheka, meno yote nje.

Mwaka mmoja nikamwoza binti yangu, nikapika pilau. Sitasema uongo eti kwa unyenyekevu: ilikuwa pilau ya kulambia vidole. Shemkai akala, akashiba, mdomo ukamponyoka mbele ya mawifi na wageni wote: "Leo ndiyo nimekula pilau. Kule kwangu huwa nakula wali wenye rangi." Lo! Watu wakacheka. Mwantumu hakucheka. Asubuhi yake alifunga virago akaenda kwao Mlalo.

Mke akasubiri afuatwe, mume akasubiri mke arudi mwenyewe. Vichwa vigumu, wote wawili. Kilichomchoma zaidi Shemkai ni pale sokoni: kila akifika ni "Mwantumu huyoo!" na Mwantumu mwenyewe hayupo. Siku moja nikamkuta uani kwake na kisu mkononi, anakwangua herufi.

"We mwendawazimu, utachuna rangi!" nikamwambia.

"Asiyetaka kukaa nyumbani kwangu, jina lake halikai kwenye gari langu."

"Basi hata kubandua hujui? Stika haitaki kisu, inataka joto."

Nikamchemshia maji, maana gari lile lilikuwa linalisha watu. Tukalowesha matambara, tukaikanda kila herufi mpaka gundi ikalegea, kisha akaivuta polepole kwa kucha. Gundi iliyobaki tukaisugua kwa mafuta ya taa, tukaosha kwa sabuni. Akarudi nyuma kutazama kazi yake.

Jamani! Gari zima lilikuwa limepauka kwa jua mpaka linafanana na fizi. Lakini pale zilipokaa herufi, rangi ilikuwa ile ile ya mwanzo, nyekundu kama pilipili iliyoiva. MWANTUMU. Jina lilikuwa linasomeka kuliko zamani.

Sokoni ikawa balaa. "Kamwandika mkewe kwa rangi mpya!" Wanawake wakamshangilia na kuwachokoza waume zao: "Umemwona mwenzio anavyopenda?" Alirudi hata hakuuza sawasawa, akaketi kibarazani kwangu kichwa chini.

"Dada, namtaka mke wangu," akasema. "Nyumba imenishinda. Nipeleke Mlalo."

Nikajifunga kanga tukaondoka na pikapu ile ile, maana mwanamume haendi ukweni kuomba radhi peke yake. Njiani niliogopa sana. Mwantumu akikataa mbele ya wazee wake, ndoa imekwisha, na nilikuwa nampenda yule wifi yangu, pamoja na pilau yake.

Baba yake akatupa viti nje. Mwantumu akatoka ndani, akaniamkia mimi peke yangu, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya gari. Akalipapasa jina lake kwa kidole.

"Stika iko wapi?"

Nikamkanyaga Shemkai mguu. Angeweza kusema ameondoa stika ili aliandike jina kwa rangi, kama soko zima lilivyodhani, na mambo yangekwisha pale pale.

"Nimeibandua," akasema. "Kwa hasira."

"Na hili ninalolisoma?"

"Sikuliandika mimi. Hiyo ni rangi ya siku tuliyonunua gari. Kwingine kote kumepauka, mke wangu. Ulipokaa wewe hapakupauka. Nilitaka kukutoa, nimeshindwa."

Mwantumu akaondoa kidole kwenye jina, akamgeukia.

"Na pilau?" akauliza.

"Ya dada ni tamu kuliko yako," akasema yule mjinga, nikatamani ardhi inimeze. "Lakini tangu uondoke sijashiba hata siku moja, na kwake nimekula kila siku."

Mwantumu akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, akamchapa begani kwa ncha ya kanga. Kisha akasimama pale pale, hajui aende wapi, mpaka baba yake alipomwita.

"Mwanangu, kafungashe," mzee akamwambia. "Stika hubanduka, rangi husema. Sasa mimi nimtetee nani hapa?"

Basi tangu hapo, huku kwetu mtu akijitapa kwamba fulani ameshamtoa moyoni, kisha kutwa jina lake halimtoki mdomoni, hatubishani naye. Tunamsogezea kiti, tunamwambia taratibu: stika hubanduka, rangi husema.