Shina la Pembe Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa, sogeeni. Wadogo, shikaneni mikono, maana hadithi hii ina moto ndani yake.

Zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakijadiliana kwa maneno, aliishi Nzohe, swala wa kinamasini, na mwanawe mchanga. Kwato zake zilikuwa ndefu, zimetanuka. Topeni alipita kama upepo. Nchi kavu alipepesuka kama mlevi.

Mwaka huo jua lilikaza. Maji yakarudi nyuma, yakarudi nyuma, kinamasi kikapasuka nyufa. Adhuhuri moja moshi ukatanda ng'ambo. Upepo ukageuka. Vuu, vuu. Moto ukaja.

"Nifuateni," akasema Kwarara, ndege mwenye mdomo mrefu. "Nimeona mafunjo bondeni. Palipo na mafunjo pana maji. Moto hautaingia."

Ngiri akamfuata, wanawe wanne nyuma yake, mikia juu. Nzohe naye akafuata na mwanawe. Wakazama katika msitu wa mashina ya kijani, marefu, yenye vichwa vya manyoya. Ngiri akajibwaga chini.

"Tumepona, shemeji."

Nzohe hakujibwaga. Alitazama chini ya kwato zake. Udongo ulikuwa mkavu.

"Ndugu Kwarara, maji umeyaona?"

"Nimeyaona mafunjo."

"Sikuuliza mafunjo. Nimeuliza maji."

"Yako mbele huko. Yatakosaje kuwapo?"

Ngiri akacheka. "Bi Nzohe, wewe hata jua likichomoza utataka shahidi wa pili."

Nzohe akang'ata shina moja, akalizungusha ulimini. Lilikuwa la mviringo. Lilikuwa na vifundo. Ndani lilikuwa tupu.

"Haya si mafunjo," akasema. "Shina la funjo lina pembe tatu, halina kifundo, na ndani limejaa nyama nyeupe. Haya ni matete. Funjo haliishi pasipo maji. Tete huota majini, huota na nchi kavu. Basi hayathibitishi kwamba maji yapo. Wala hayakanushi. Ila mwanangu sitamlaza juu ya jambo lisilothibitika."

"Na utakwenda wapi na miguu hiyo?" akauliza Ngiri.

Nzohe akaelekeza pua ng'ambo ya uwanja mweupe wa nyasi kavu, penye kichaka kifupi kilichonyauka vichwa. "Kule. Sijui kama ni mafunjo. Nitajua nikifika."

"Utaungulia njiani," akasema Ngiri, na safari hii hakucheka.

Wakatoka, mama na mwana. Uwanja ulikuwa mpana. Nzohe akapepesuka, moto ukasogea. Akaanguka, moto ukasogea. Akainuka, moto ukasogea.

"Mama, na yale yakiwa matete?"

"Kimbia, mwanangu."

Wakafika. Nzohe akang'ata shina. Ulimi ukagusa pembe moja. Ukagusa ya pili. Ukagusa ya tatu. Akaingia. Mizizi iliyosukana kama jamvi ikabonyea chini ya kwato: chubwi. Maji. Wakazama mpaka zikabaki pua mbili.

Nyuma yao matete yakalia: ta-ta-ta-ta-ta. Nzohe hakuthubutu kutazama nyuma.

Moto ulipokwisha, Ngiri alitoka majivuni. Wanawe wawili walimfuata. Wawili wengine hawakutoka. Nzohe akasogea pembeni, akawapisha majini.

Kwarara akashuka, mabawa yake safi. "Kutoka juu yanafanana," akasema.

"Ndiyo," akajibu Nzohe. "Lakini sisi hatukuwa juu."

Funzo lake, wakubwa kwa wadogo, ni hili: kabla ya kuyakabidhi maisha ya wanao kwa neno la mtu, lipime mwenyewe, hata kama hofu inakuharakisha. Na umtazame vizuri aliyelisema, kwa maana huenda yeye ana mabawa.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye maji. Anayeshuku, akaonje shina.