Radhi Iliyongoja Wazee Wanne

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja, kungwi aliyefunda mabibi harusi wa mtaa mzima. Kwa ulimi ule, hata mabwana harusi walimwogopa. Siku moja jikoni akataka mbuzi akune nazi, neno likamkatalia. "Nipeni kile... kile cha kukalia." Wakacheka: uzee huo! Yeye hakucheka. Alikuwa analijua neno, ila halimjii.

Akaenda hospitali, akavishwa nyaya kichwani.

"Mama," daktari akamwambia, "ubongo wako umeanza kubadilika pale panapotengeneza maneno. Kwa sasa mtu hawezi kutambua kwamba unaumwa, lakini maneno yatakwenda kidogo kidogo, na dawa ya kuyarudisha sina. Kama una neno na mtu, mwambie sasa."

Alikuwa nalo. Binti yake wa pekee aliolewa bila idhini yake, na kwa miaka sita mama alimnyima radhi. Njia nzima alilia, maana moyoni alishamsamehe zamani. Simu ilikuwa mkobani. Lakini kungwi aanze yeye kumpigia mwanawe? Watu watasemaje? Ugonjwa akauficha, akatuma ujumbe: "Aje kwa utaratibu. Alete wazee wanne, nimtamkie mbele yao."

Wazee wenyewe mnawajua. Mmoja amesafiri, mwingine mgonjwa, wa tatu analalamika hakualikwa kwa heshima. Mwaka ukapita, na miezi juu yake.

Walipotimia, binti akapiga magoti, akamshika mamake miguu. "Mama, nimekosa. Niwie radhi."

Mama akafungua kinywa. "Sahani," akasema. Akatikisa kichwa, akajaribu tena. "Sahani. Sahani."

Wazee wakatazamana. Binti akainuka, uso umemsawijika. "Nimekuelewa, mama. Miaka yote hii, bado wanifanyia kejeli." Akatoka. Na yule mama, bingwa wa maneno, hakuwa hata na neno la kumwambia mwanawe asubiri.

Msiharakishe kumlaumu. Yeye alionywa, akapewa mwaka na zaidi. Sisi nani katuonya? Wewe uliyekaa hapo, unayengoja ndugu yako aanze yeye, aje na watu, aje siku ya Idi, nani kakuhakikishia kwamba siku hiyo utakuwa na la kumwambia? Mimi mwenyewe nina kaka yangu, tangu msiba wa baba hatusemezani, na naona haya kuwaambia. Tumezima simu kwa ajili ya sala. Tukifika pale mlangoni, kabla hatujavaa viatu, tuziwashe.