Mlima Hausomi Kioo

"Mlima hausomi kioo." Mmeisikia leo kwenye mashine ya kusaga, watu wakimtania yule aliyeanika mahindi kwa kuamini simu iliyosema hakuna mvua, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa kwetu, na ilianza hivi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ziwa, limepakwa kijani kwenye kioo kidogo mbele ya rubani. Wakati huo nilikuwa nafagia uwanja wetu wa ndege. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, nami nilikuwa nimepanda ndani ya ndege kumwekea mto dada yangu Tusekile, mama yenu. Uchungu ulikuwa umemshika siku mbili na mtoto hatoki. Ndege ilikuja kumpeleka hospitali kubwa.

"Kapteni, hiyo kijani ni nini?" nikauliza.

Kapteni Haule alikuwa mgeni wa njia ile. "Ni kila mahali panapoonekana kutoka hapa tulipo. Mlima ukikinga, nyuma yake panakuwa peusi."

"Lakini ziwa halionekani kutoka hapa. Mlima Ligala umelikinga."

Akacheka. "Dada, kioo hiki kina ramani ya dunia nzima. Wewe umesoma mpaka la ngapi?"

"La tano."

"Aa, basi! Kioo kinafundishwa la sita."

Muuguzi aliyekuja na ndege naye akacheka. Tusekile akanibana mkono. "Mdogo wangu, shuka. Tuache twende, naumia."

Nikashuka.

Waliotengeneza ramani ile walikuwa wamesahau kuuweka mlima wetu. Hilo tuliambiwa baadaye sana. Ndege ilipaa, ikaingia ukunguni kuelekea ziwani. Nilisimama na ufagio nikisikiliza. Mlio ukakatika ghafla.

Wanaume walipanda Ligala, wakashuka siku ya pili. Hawakuwa na mgonjwa wa kubeba. Mzee Mbwilo, aliyewaongoza, alipoulizwa imekuwaje, alisema hayo tu: mlima hausomi kioo. Kioo kimesema njia iko wazi, lakini mlima haukuambiwa uondoke. Watu wakayachukua maneno yake, na sasa wanayatumia hata kwa mahindi yaliyonyeshewa.

Mlima hausomi kioo. Wanangu, miaka yote hii nimewaambia watu kwamba sikuwa na hakika kama kioo kimekosea. Nilikuwa na hakika. Ningeweza kulala mbele ya magurudumu. Niliogopa kuchekwa mara ya pili.