Kenge na Mayai Yaliyokataa Kuzama

Hadithi ipo mlangoni!

— Iingie!

Ina miguu ya matope.

— Ipanguse, iingie!

Haya, imeingia. Wewe Mwatumu, toa mguu wako kwenye beseni langu, nitalihitaji.

Palikuwa na Kenge. Mkia mrefu, tumbo kubwa, haya hana. Kila kiangazi kisima kilibaki kimoja tu, naye akakaa hapo hapo, na kazi yake ilikuwa kula mayai ya wenzake. Zamani aliyala bila kuchagua, mpaka siku alipobugia yai viza. Alitapika mpaka akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Tangu hapo akajifanya mtaalamu. Akatafuta beseni, akaliweka kisimani, na kila aliyetaga sharti alete mayai yapimwe, la sivyo hanywi maji. Maji ateke mwenyewe, maana Kenge na kazi hawakujuana.

Yai likitiwa majini, dubwi! likazama, basi ni zima. Likielea, limeoza, ndani limejaa hewa. Hilo ni kweli, hata mama zenu hupima hivyo jikoni.

"Linalozama, langu," Kenge alisema. "Linaloelea, lako. Mimi si dhalimu."

Msimu uliopita Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, alipeleka mayai yake. Dubwi, langu. Dubwi, langu. Dubwi, langu. Kenge akayameza yote mbele ya macho yake, halafu akampa hongera: "Unataga vizuri, Mama." Kanga akamaliza mwaka mzima bila kifaranga hata mmoja wa kumfokea.

Sasa alikuwa ametaga tena, na Kenge alikwisha kutuma salamu: kesho asubuhi, kisimani. Kanga akalia kichakani. Hapo akatokeza Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia.

"Unalia nini? Unaniharibia usingizi."

"Mayai yangu, Bi Sange."

"Nikiyaokoa, utanipekulia mchwa mpaka mvua zinyeshe?"

"Hata siafu nitakupekulia!"

"Siafu kula mwenyewe. Nipe yai moja. Usinitazame hivyo, mimi sili mayai."

Sange akachukua kipande cha kibuyu, akatia maji, akatia yai. Dubwi! Likazama. Akaenda ukingoni mwa ziwa la chumvi lililokuwa karibu, akabandua chumvi, akatia konzi moja, akakoroga kwa mkia. Koro, koro, koro. Yai likabaki chini. Akatia nyingine. Koro, koro, koro. Yai likainua kichwa kama mgonjwa aliyesikia harufu ya uji. Akatia tena. Koro, koro, koro. Yai likapanda juu, pwii! Likaelea.

"Limeoza!" Kanga akapiga kelele.

"Limeoza nini wewe, umelitaga jana! Maji ya chumvi ni mazito, yanalibeba. Lisuuze, ulirudishe kiotani. Na unyamaze."

Kisha Sange akatia chumvi nyingi ndani ya kibuyu cha Kanga cha kutekea maji.

Asubuhi Kanga akateka. Sange akadai anamsaidia kubeba, kumbe anakitikisa kibuyu. Chubwi, chubwi, chubwi. Chumvi yote ikayeyuka. Wakamimina beseni likajaa, maji yakatulia.

Kenge akachungulia. Maji meupe. Akanusa. Hayana harufu.

"Tia."

Kanga akatia la kwanza. Pwii! Likaelea.

"Ala! Tia jingine."

Pwii!

"Ala! Jingine!"

Pwii!

"Pole, Mzee Kenge," akasema Sange. "Joto la mwaka huu linaozesha kila kitu."

Kenge hakuwa mjinga wa kupindukia. Akakunja uso. "Maji haya yana jambo. Leteni jiwe."

Jiwe likatiwa. Dubwi! Likazama.

"Basi maji ni mazima," akasema. "Mayai ndiyo mabovu."

Jiwe, jamani! Jiwe lingezama hata kwenye uji. Kenge ana ulimi mrefu kuliko wa mnyama yeyote pale kisimani, na hakuuchovya hata ncha. Alikuwa akiutunzia mayai.

"Linaloelea, lako," Sange akamkumbusha.

"Lake, lake! Ondoeni uvundo wenu hapa!"

Wakaondoka. Kanga akayasuuza, akayaatamia, na jioni akaanza kupekua mchwa, maana Sange si mtu wa kukopesha.

Vifaranga wakatoka. Kanga akawapeleka kisimani kunywa maji. Kenge akashtuka.

"Hao wametoka wapi?"

"Kwenye yale mayai, Mzee," akasema Sange.

"Yale yaliyooza?"

"Yale yale. Si umeyapima mwenyewe?"

Kenge akatazama beseni. Akatazama vifaranga. Mmoja akamsogelea, akamdonoa mkia.

"Msinisogelee!" akapiga yowe. "Vifaranga viza!"

Kuru-kuru-kuru! Akatokomea porini, na tumbo lake linaburuzika nyuma yake. Kisima kikabaki cha wote.

Funzo la hadithi hii ni hili: mkubwa akisema yai limeoza, limeoza. Msipime, msionje, msiulize.

Sasa Mwatumu, lete hilo beseni, yai moja na chumvi. Mama yako akiuliza chumvi imekwenda wapi, mwambie kamuulize Sange.

Hadithi inatoka!

— Itoke!

Ina miguu mikubwa.

— Isikanyage mayai!