Mbuzi wa Kiluwa

Haya, tulieni, na anayetafuna karanga atafune polepole.

Palikuwa na Mhina, aliyejaliwa kueleza asichokijua. Mkewe Semeni alijaliwa kufanya mambo matatu kwa mpigo bila kumaliza hata moja. Dada yake Mhina, Mwanamkuu, alijaliwa kuona makosa ya kila mtu, yake tu hakuyaona.

Watatu hao walimlea Kiluwa, mtoto wa Mhina, mwenye miaka mitatu. Kumlea gani! Akilia, simu. Akila, simu. Mtoto akawa fundi wa kutelezesha kidole kwenye kioo, lakini hata "mama" hawezi kutamka.

Bibi yake akaja, akachukia. "Mnamlea au mnamkomoa? Atakayemfanya aseme, nitampa mbuzi wangu jike."

Kwa ajili ya mtoto walikuwa wamelala. Kwa ajili ya mbuzi wakaamka.

Mhina akaifungia simu ya katuni kabatini na kuvumilia mayowe mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa.

Semeni akaketi na bakuli la uji, kazi moja tu. Akatemewa usoni, akajifuta, akaendelea: "Kijiko, baba. Uji. Mdomo."

Mwanamkuu akambeba uani kila siku, akamsimulia habari za kuku. Ulimi uliozoea umbea ukapata kazi ya halali.

Asubuhi moja kuku akamnyang'anya Kiluwa kiazi. Mtoto akafura, akafoka: "Kuku! Toka!"

Unadhani walimkumbatia? Thubutu! Kila mmoja alichomoa simu yake.

"Rudia, baba, tazama huku!"

"Sema tena, shangazi arekodi!"

Kiluwa akaona vioo vitatu vinang'aa. Akafunga mdomo, akanyoosha mkono apewe kimoja. Hajasema neno tena.

Bibi aliposikia habari na kufika na mbuzi, watatu wale aibu hawana.

"Mama, nilifunga simu mimi," akasema Mhina.

"Nilitemewa uji mimi!"

"Na hilo neno 'kuku' alifundishwa na nani?"

Wote wanasema kweli. Bila mmoja wao, mtoto asingefoka siku ile. Na wote walimnyamazisha kwa pamoja. Bibi ameishika kamba ya mbuzi, Kiluwa anamtazama bibi.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungempa nani mbuzi? Au ungembeba mtoto mgongoni, urudi kwako na mbuzi wako?