Kwa Nini Kompyuta Hupiga Hodi

Nyinyi mnaopiga meza kila mtandao ukichelewa kidogo, tulieni niwaambie. Zamani, waya wa kwanza ulipotandazwa kutoka kijiji hadi kijiji, kompyuta hazikujua hodi. Zilisema, "Sisi sote ni watu wa nyumba moja, na nyumbani kwako huombi ruhusa." Basi kila moja ikiwa na neno, ililibeba zima zima na kujitoma nalo kwa mwenzake kwa kishindo, bila hata kutazama kama mwenyeji ana nafasi. Waya ule ulikuwa kelele tupu.

Katika zahanati moja ya kijijini paliishi kompyuta kuukuu aliyeitwa Kibogoyo, kwa kuwa kibodi yake iling'oka vitufe viwili vya mbele. Alimpenda mno mkunga Mbodze, aliyempangusa vumbi kila asubuhi. Siku moja mchana Dama, binti wa mkunga huyo, alijifungua mtoto salama salimini, kisha damu ikakataa kukatika. Mbodze akamwinamia Kibogoyo.

"Waambie hospitali kuu walete damu. Upesi, mwanangu!"

Kibogoyo akautia ujumbe wote mgongoni, akautupa kwenye waya, akatulia kama aliyemaliza kazi. Kumbe siku hiyo kulikuwa na harusi kijiji cha pili, na picha za bwana na bibi harusi zilikuwa zimejaa waya mzima. Ujumbe ukagongana nazo, ukamwagika njiani, wala hakuna aliyejua.

Dama akazidi kupauka. Mbodze akauliza, "Wamesemaje?"

"Nimetuma, mama."

"Sikukuuliza kama umetuma! Nimekuuliza kama wamepokea."

Lo! Hofu ikamshika Kibogoyo kweli, maana kwa mara ya kwanza alitambua kwamba hakujua.

"Kwa watu unaingiaje tu?" Mbodze akafoka, machozi yakimtoka. "Piga hodi, usubiri uambiwe karibu, ndipo useme!"

Hodi kwa ndugu! Wenzake wangemcheka mpaka wazime. Lakini afadhali achekwe kuliko Dama afe. Akashika njia hadi njia panda, alikokaa Ruta, mjuzi wa njia zote, aliyemwuliza anakwenda kwa nani. Kibogoyo akataja anwani ya Seva, zile tarakimu zinazoitambulisha kompyuta moja kati ya nyingi. Seva ndiye aliyekuwa kompyuta kubwa ya hospitali, mwenye kupokea na kujibu maombi ya wote. Ruta akamwelekeza njia isiyo na msongamano wa harusi.

"Hodi!" akabisha Kibogoyo.

Seva alikuwa hajawahi kubishiwa maishani mwake. Akaacha yote, akatega sikio. "Karibu!"

"Nimekaribia."

Ndipo akampa ujumbe kidogo kidogo, katika vifurushi vilivyotiwa namba, ndivyo hivi mnavyoviita pakiti. Kila kimoja kilipofika, Seva alisema, "Nimepokea." Kimoja kikapotea. Seva akanyamaza, na kwa kimya hicho Kibogoyo akajua, akakituma tena. Nacho ndicho kilichobeba neno lenyewe, damu.

Haukupita muda, pikipiki ya hospitali ikaingia uani na kisanduku cha barafu. Jua lilipoanza kupoa, Dama alikuwa akiomba uji, tena akilalamika kwamba hauna sukari. Mbodze aliposikia lalamiko hilo aliketi sakafuni, akavua kilemba, akacheka na kulia kwa pamoja. "Mungu mkubwa," akasema, "Mungu mkubwa!" Kisha akainuka akampangusa Kibogoyo kioo kwa leso yake mwenyewe, ingawa hakikuwa na vumbi.

Na tangu siku hiyo, kompyuta haziambiani neno la maana kabla ya kuitikiana: hodi, karibu, nimekaribia. Kwa hiyo ukikiona kile kiduara kinazunguka kwenye kioo, usitukane mtu. Mwenzio yuko mlangoni kwa watu, anangoja aambiwe karibu.